Bolero Iliyokimbia

Kama umewahi kukaa kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, au kupanda lifti ya jengo lenye marumaru, huenda umeshatusikia bila kujua. Ni sisi. Fidla zinazobembeleza, filimbi mbili, piano inayopita kwa maringo, na chini kabisa, ambako hakuna anayesikiliza, besi yangu. Nyimbo ni zile za mapenzi za zamani ambazo kila mtu anazijua hata kama hajui jina la hata mmoja, ila sisi tumezivisha nguo nyingine. Huu umekuwa chacha, ule umekuwa rumba, na wa mwisho ni bolero. Aliyetoa sahani hiyo ya muziki aliiweka bolero mwisho makusudi, akitumaini mgonjwa ataitwa kwenye kiti kabla haijaanza. Ukibahatika kuifikia utaona ina haraka, na bolero haitakiwi kuwa na haraka. Hiyo haraka ni ya shemeji yangu. Naieleza hapa kwa sababu nimechoka kusikia watu wakisema tulikosea.

Shemeji ni mke wa marehemu kaka yangu. Mchana anashona mapazia kwenye karakana ya duka la samani, na jioni anapiga manyanga kwenye okestra yetu. Watu wanamwita Cherehani, na wanaodhani ni kwa sababu ya mapazia hawajawahi kukaa naye sebuleni. Ukimtembelea usiweke kikombe chini, ukigeuka utakuta kimeshaoshwa. Kochi lake halina makao, leo liko dirishani, wiki ijayo limeziba mlango wa stoo. Akiwa anakula husimama kwenda kuangalia kama geti limefungwa, halafu njiani akaona pazia limekaa upande, akalinyoosha, na chakula kikapoa mezani.

"Shemeji, kaa chini," huwa namwambia. "Nyumba haina miguu, haitoroki."

"Wewe uliyekaa miaka yote hiyo umepata nini zaidi ya kitambi?"

Ndivyo tunavyoongea, mimi na yeye. Tukianza kuongea vizuri ujue kuna mgonjwa.

Wepesi alikuwa nao tangu zamani, lakini haukuwa huu. Okestra aliingia kwa kuleta shati. Kaka alikuwa mpiga tumba wetu, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja, na siku moja ya onyesho akasahau shati lake jeupe nyumbani. Shemeji akalileta mbio, bado lina joto la pasi. Mpiga manyanga wa wakati ule alikuwa hajafika, na kaka, mtu asiyejua kuona haya, akamtia mkewe manyanga mikononi. "Hebu nitikisie hapa mpaka yule mlevi aje." Yule mlevi alikuja, akasikiliza nusu ya wimbo, akaenda zake kukaa na watazamaji. Shemeji hajayarudisha yale manyanga mpaka leo.

Watu hudhani manyanga ni kutikisa. Kutikisa hata mtoto anaweza. Kazi yenyewe ni kutotikisa kabla ya wakati. Katika muziki wetu huu wenye sukari nyingi, fidla zinaelea zinakotaka, piano inajisikia, filimbi zinadeka, na wote hao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu nyuma yao kuna mbegu chache ndani ya kibuyu zinazosema sasa, sasa, sasa. Shemeji alisema sasa, na kaka alimjibu kwa tumba. Mimi nilisimama katikati yao na besi yangu, kama mgeni aliyeketishwa mezani kati ya mume na mke wanaozungumza mambo yao. Kuna siku walikuja wamenuniana tangu nyumbani, hawasalimiani, na wimbo wa pili ulipoisha walikuwa wameshapatana bila mtu kufungua kinywa.

Kisha kaka akafariki. Moyo, asubuhi, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu. Hilo siwezi kuliandika kwa urefu.

Watu walikuja, na kila aliyeingia alisema pole, na shemeji akajibu, "Asante, nishapoa." Majirani, wenzake wa karakana, wateja wa mapazia. Walimpa pole kwenye ngazi, kwenye foleni, barabarani akivuka. Mtu aliyefiwa hujibu hivyo, ni adabu tu, kama kumkaribisha mtu anayekukuta unakula. Jibu lilimzoea kinywa mpaka likawa linatoka kabla yeye hajasikia alichoambiwa. Siku moja mke wangu alijigonga goti kwenye meza pale kwake, akapiga kelele, na shemeji, badala ya kumwambia pole, akamwambia, "Asante, nishapoa." Tulicheka wote mpaka tukashika mbavu, na yeye akacheka. Halafu akainuka akaenda kusogeza kochi.

Mtu mmoja hakusema pole. Kiongozi wa okestra yetu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, alikuwa rafiki wa kaka tangu ujana wao, na walibishana kila siku ya Mungu kama tumba zipigwe kwa nguvu au kwa upole. Kaka alipofariki Mwalimu alikuwa mbali, amekwenda kutibiwa macho. Aliporudi msiba ulikuwa umeshaisha, viti vimerudishwa vilikoazimwa, na sisi tumeanza mazoezi. Aliingia ukumbini, akamtazama shemeji, akafungua kinywa. Nilimwona. Akauliza kama manyanga yamehifadhiwa pakavu.

Kuanzia hapo kila siku ilifanya jambo liwe gumu zaidi, nadhani. Akazipitia nyimbo zetu zote na kufuta sehemu ya tumba. Hakutafuta mpiga tumba mwingine, na hakumweleza mtu sababu. Bila shaka aliona huo ni ustaarabu. Mimi nilimkasirikia, na kwa kweli hasira yenyewe haijaniisha yote.

Shemeji alilitaja jambo hilo mara moja tu, jikoni kwake, akisugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Mwalimu hajanipa pole."

"Labda kasahau."

"Pole si mwavuli, kwamba mtu anaisahau mahali." Akasugua tena. "Mimi sina shida nayo. Nimesema tu."

Basi akaanza kukimbia. Namaanisha kwenye muziki. Alianza wimbo vizuri, na ukifika ubeti wa pili manyanga yanatangulia, kidogo tu, halafu kidogo tena, na fidla zote zinavutwa nyuma yake zikihema. Wenzetu walinong'ona kwamba mikono imeanza kuzeeka. Upuuzi. Mimi niliyesimama pembeni yake nilijua kinachomtokea. Alikuwa anasema sasa, na hajibiwi. Mtu akiuliza swali asijibiwe, anauliza tena upesi zaidi. Pale zilipokuwa zikikaa tumba palikuwa na sakafu tupu ambayo hakuna aliyethubutu kuweka hata mkoba, na shemeji alikuwa anaitazama sakafu hiyo kila wimbo.

Ndipo akaja mwenye mradi. Alikuwa kijana wa kunukia, mwenye simu mbili, na alitaka sahani nzima ya nyimbo za mapenzi za zamani kwa mahadhi ya Kilatini, za kuuzwa kwenye hoteli, zahanati na majengo ya ofisi.

"Nataka muziki usiomsumbua mtu," alituambia. "Mtu asubiri bila kujua kwamba anasubiri."

Mimi nilimwona mpumbavu, lakini alikuwa mpumbavu mwenye studio, na okestra kama yetu siku hizi haialikwi popote. Mwalimu akakubali. Tukaingia kurekodi.

Chacha zilipita. Chacha ni ya watu wenye haraka, na ukikimbia kidogo watasema una furaha. Rumba zilitutesa. Tulirudia, tukarudia tena, na kila tukirudia nilimwona mwenye mradi nyuma ya kioo akimwinamia fundi mitambo na kumnong'oneza. Ikabaki bolero. Asubuhi ya bolero tulikuta kisanduku cheusi juu ya piano, kidogo kama redio ya jikoni. Mwenye mradi akabonyeza kitufe, na kile kisanduku kikatoa sauti ya manyanga. Safi kabisa. Sawasawa kabisa. Kiliendelea hivyohivyo mpaka mpiga filimbi akamwomba akizime.

"Hiki hakichoki wala hakikimbii," mwenye mradi alisema.

"Tumpe mama nafasi moja kwanza," Mwalimu akajibu bila kuinua macho.

"Moja. Akikimbia, naweka hiki."

Sote tulielewa. Kisanduku kikishakaa mahali pake kwenye wimbo mmoja, hakitaondoka. Onyesho lijalo kitakuwepo, na lile la baada yake, na shemeji atapewa maua na hotuba. Hayo yote yalisemwa yeye akiwa nje, kwenye ujia, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumfikishia. Nikaenda mimi. Nilimkuta anatembea kutoka mlango wa choo mpaka kwenye ngazi, anageuka, anarudi. Nikamweleza nikitembea naye, maana hakusimama.

"Wakiweka kisanduku," alisema, "mimi jioni nitakuwa nakwenda wapi?"

"Utakuja kwetu."

"Kwenu nimeshakuja. Na kwangu kochi nimeshalisogeza kila mahali, shemeji. Hakuna kona iliyobaki."

Nikamfungulia mlango bila mzaha wowote. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuogopesha.

Chumba cha kurekodia hakina dirisha. Kuta zimevikwa magodoro, na ukipiga chafya sauti inafia puani. Wapiga fidla walikaa mbele, Mwalimu katikati na kifimbo chake, sisi wawili nyuma ukutani, na shemeji akawekewa kipaza sauti chake peke yake, karibu na kidevu, kwa sababu manyanga ni kitu cha sauti ndogo. Taa nyekundu ikawaka. Kuanzia hapo hata kumeza mate ni kosa.

Tulianza vizuri. Fidla ziliingia polepole, kila moja kama mtu anayeshuka ngazi na gauni refu, na manyanga yakawa yanaziongoza kwa subira. Nikaanza kutumaini. Ubeti wa pili ulipofika niliusikia mguu wake ukigonga sakafu kabla ya wakati, na nikajua. Manyanga yakatangulia. Nikajaribu kumrudisha kwa besi, nikavuta nyuzi mpaka vidole vikauma, lakini besi haiwezi kumrudisha mtu aliyeamua kwenda. Nyuma ya kioo mwenye mradi alishaunyoosha mkono kumwonyesha fundi kile kisanduku juu ya piano.

Mwalimu akaona. Hakuweza kusema, taa inawaka. Akamtazama shemeji usoni, akaushusha mkono wake wa kushoto taratibu, kiganja kikitazama chini, na midomo yake ikaumba neno.

Na shemeji, katikati ya bolero, mbele ya kipaza sauti, akamjibu kwa sauti ya kawaida kabisa, "Asante, nishapoa."

Wapiga fidla wakongwe hawageuki nyuma hata nyumba ikiungua, na hawakugeuka. Tukaendelea. Na hapo ndipo likatokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nywele zinanisimama. Manyanga yalitulia. Mabega yake yalishuka, mguu ukaacha kugonga, na sasa, sasa, sasa ikawa inakuja pale inapotakiwa, bila wasiwasi, mpaka mwisho. Sijawahi kupiga bolero tamu kama ile nusu ya pili. Hata mwenye mradi aliurudisha mkono wake mfukoni.

Tukaingia chumba cha mitambo kusikiliza. Shemeji akavuta kiti, akakaa. Alikaa kweli, mgongo umeegemea na mikono juu ya magoti, na mimi nikawa namtazama yeye badala ya kusikiliza. Ilipofika ile sehemu, sauti yake ikatoka kwenye spika wazi kabisa, katikati ya fidla. Mwenye mradi akaangua kicheko.

"Huyu mama anamjibu nani?"

"Mwalimu kanipa pole," shemeji akasema.

Alisema hivyo kwa furaha ndogo, iliyotulia, kama mtu anayeeleza kwamba mgeni aliyemsubiri ameshafika. Watu wote wakamtazama Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake.

"Sauti yake siwezi kuitoa," fundi mitambo akasema. "Imeshikana na manyanga."

"Basi rudieni," mwenye mradi akasema. "Vilevile, ila kimya."

Tulipokuwa tunarudi ndani Mwalimu akanishika mkono mlangoni. "Uliiona midomo yangu."

"Niliiona."

"Nilisema polepole."

"Najua ulichosema. Alikuwa anakimbia."

"Nimwache aamini hivyohivyo?"

"Mimi ningemwacha," nikamwambia, na nilimaanisha. Ametulia, kiti chake kimepona, wimbo utatoka, nani anadhurika? Mwalimu aliniitikia kwa kichwa. Halafu, kama ilivyo desturi yake tangu tufahamiane, akafanya alivyotaka. Alipita katikati ya viti vya fidla mpaka kwa shemeji, kifimbo kimebanwa kwapani.

"Shemeji," akasema, maana naye humwita hivyo kwa ajili ya kaka. "Mimi sikusema pole. Nilisema polepole. Ulikuwa unakimbia."

Shemeji alikuwa ameshayainua manyanga. Akayashusha. Akatoa kitambaa, akaanza kufuta nguzo ya kipaza sauti, juu mpaka chini.

"Kumbe," akasema. "Nimejijibu mwenyewe."

"Lakini nilitakiwa kusema. Nilirudi nikakuta mmeshamaliza, nikaona aibu, na kila siku aibu ikaongezeka. Nikafuta tumba, nikadhani nikizifuta nitakuwa nimesema." Akakihamishia kifimbo kwapa la pili. "Sikusema. Nasema sasa. Pole, shemeji."

Neno hilo lina jibu moja. Tunalifahamu sote tangu tunajifunza kuongea, na sote tulisimama pale tukilingoja litoke ili tuendelee na kazi. Hata fundi mitambo alikuwa ameinua kichwa. Nilikiona kinywa cha shemeji kikianza kuliumba, kwa mazoea, kisha kikaacha.

"Sijapoa," akasema.

Kwa kawaida mazungumzo hayo huishia mahali pengine. Mpiga filimbi akajikuna shingo. Mwalimu alisimama tu, macho yake yaliyotibiwa yamejaa maji.

"Hata mimi," akasema mwishowe.

"Najua. Ungekuwa umepoa ungekuja siku ile ile." Akamaliza kufuta nguzo, akakunja kitambaa. "Mwalimu, sitaweza kwenda polepole. Nakuambia mapema, usije ukahangaika na midomo."

Sauti ya mwenye mradi ikaja kwenye spika ya ukutani, ikiuliza kama tuko tayari au aje awashe kisanduku. Mwalimu akakichukua kisanduku juu ya piano, akakipeleka mpaka mlangoni, akakiweka chini huko nje, akafunga mlango. Akarudi mahali pake.

"Msinitazame mimi," akatuambia. "Msikilizeni wa manyanga. Akienda, nendeni."

"Akikimbia je?" mmoja wa wapiga fidla akauliza.

"Nimesema akienda, nendeni."

Taa ikawaka. Shemeji hakungoja hata ubeti wa pili, safari hii alitoka mbio tangu mlangoni. Fidla zilizozoea kushuka ngazi kwa maringo zikalazimika kushika magauni na kukimbia. Piano ikasahau kujisikia. Mimi jasho lilinitoka kwapani mpaka kiunoni, na nililia huku napiga, na sioni haya kulisema, kwa sababu nilikuwa nazisikia tumba. Hazikuwepo, najua. Lakini kila alipotikisa, watu wote wale walimjibu kwa pamoja pale pale ambapo kaka angejibu, na shemeji, bila kupunguza hata kidogo, akainua macho kutoka kwenye ile sakafu tupu akatutazama. Mwalimu alikuwa amekishusha kifimbo kabisa, anapiga mapigo kwa mguu kama sisi.

Tulifika mwisho tumechoka, tukangoja sauti ya mwisho ife kwenye yale magodoro. Taa ikazimika. Nyuma ya kioo mwenye mradi alikuwa ameshika kichwa, maana saa zetu za kurekodi zilikuwa zimekwisha.

Shemeji aliyabana manyanga kifuani ili yasilie.

"Nimekimbia?" akauliza.

"Tumekimbia wote," Mwalimu akasema.